Zimwi Linaporudi Bila Wenyeji Wake

Zimwi la ngano halifi mara moja. Yeyote anayefundisha fasihi simulizi hulizoea jambo hili hadi asilione tena: zimwi lililouawa jana usiku huamka leo likiwa zima, kwa sababu fanani mwingine ameketi na hadhira nyingine imeitikia. Mabadiliko nayo ni sehemu ya utaratibu huo. Mkia hurefushwa, vichwa huongezwa, na kile ambacho zimwi linakitamani hufuata njaa ya mahali. Kwa macho hayo ya mwalimu wa ngano nimezitazama upya, moja baada ya nyingine, filamu za Kijapani za Godzilla, ambazo kampuni ya Toho ilianza kuzitoa tarehe 3 Novemba 1954 na ambazo kufikia mwaka wa 2023 zilikuwa zimetimia 30, tukiziacha zile za katuni na zile zilizotengenezwa na Wamarekani. Nilitaka kujua mazimwi ya kale ya mfululizo huu hufanywa nini yanaporejeshwa. Walionishughulisha zaidi, hatimaye, ni wale ambao hawarejeshwi.

Neno lenyewe lahitaji kutuliwa kwanza. Wajapani huwaita viumbe hawa kaiju, yaani wanyama wa ajabu, wanyama wasioeleweka. Katika semina yetu palikuwa na waliopendekeza "dude", na wengine "jitu". Jitu lina umbo la mtu, nalo dude ni jina la kitu ambacho hakijapata jina. Mimi hushikilia "zimwi", si kwa ajili ya umbo bali kwa ajili ya uhusiano. Zimwi hujuana na watu. Wahenga waliosema kuwa zimwi likujualo halikuli likakwisha hawakuwa wakilisifu zimwi; walikuwa wakieleza kwamba baina ya mla na mliwa upo ujirani, na kwamba ujirani huo ndio unaoamua kitakachosazwa. Katika ngano ya Sultani Majnuni, iliyomo katika mkusanyo wa hadithi za Unguja alioutoa Edward Steere mwaka wa 1870, kijana anayekwenda kumsaka nunda mla watu huua mnyama baada ya mnyama, na kila mara humletea mama yake akidhani kazi imekwisha. Mama humwambia kuwa siye. Anayekata shauri kuwa zimwi ndilo hili, basi, si shujaa wala silaha yake. Ni aliyebaki nyumbani na aliyefiwa. Nadhani wahakiki wetu hawajampa mama yule nafasi anayostahili, lakini hilo ni la siku nyingine.

Filamu ya kwanza, Gojira ya mwaka 1954, iliyoongozwa na Honda Ishiro (majina ya Kijapani nayatanguliza kwa jina la ukoo, kama wenyewe wafanyavyo), ina mhusika wa namna hiyo, ila ni mzee wa kiume. Filamu inaanza kwa chombo kuungua baharini. Hapana Mjapani wa mwaka ule aliyehitaji kufafanuliwa taashira hiyo. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni huko Bikini, katika visiwa vya Marshall, na majivu yake yakawaangukia wavuvi 23 wa mashua ya jodari iitwayo Daigo Fukuryu Maru. Mmoja wao, Kuboyama Aikichi, alifariki tarehe 23 Septemba, majuma machache kabla ya filamu kuonyeshwa. Hata hivyo jina la zimwi halitoki maabarani. Linatoka katika Kisiwa cha Odo, kisiwa cha kubuni, ambako samaki wametoweka na mzee mmoja anasema kuwa hii ni kazi ya Gojira. Vijana wanamcheka. Baadaye mzee anamweleza mwandishi wa habari kwamba zamani, uvuvi ulipokuwa mbaya, wasichana walitolewa sadaka kwa zimwi hilo, na kwamba ngoma ya vinyago inayochezwa usiku ule ndiyo mabaki ya tambiko lenyewe. Usiku huohuo zimwi linashuka na kuponda nyumba.

Mambo mawili katika sehemu hiyo hayajanitoka akilini. La kwanza ni kwamba wakazi wa Odo wanapelekwa Tokyo na kusikilizwa bungeni. Ushahidi wao unatangulia ule wa mtaalamu. La pili ni kwamba Profesa Yamane, pamoja na vipimo vyake vya miale na maelezo yake ya kale za kale, hana jina lake mwenyewe la kumpa mnyama huyo. Analiazima la mzee. Sayansi inaingia kwa hisani ya mapokeo simulizi. Wamarekani walipoikata filamu hiyo na kuitoa upya mwaka wa 1956, wakaiingiza ndani yake sura ya mwandishi wa habari wa kwao aliyeigizwa na Raymond Burr, hadithi ya Odo ilibaki, ila sasa inasimuliwa kwake, na sisi tunaisikia kupitia sikioni mwake. Fanani amehamishwa kiti. Huo ulikuwa urejeleaji wa kwanza wa zimwi hili, na tayari dalili ilikuwapo.

Lakini Odo ni kisiwa cha Wajapani. Kisa changu hasa ni cha kisiwa kingine.

Mwaka wa 1961 Toho walitoa Mothra, iliyoongozwa na Honda huyohuyo. Msingi wake ni hadithi iliyotungwa na waandishi watatu wa fasihi halisi, Nakamura Shin'ichiro, Fukunaga Takehiko na Hotta Yoshie, kila mmoja akiandika sehemu yake, ikachapishwa mwanzoni mwa mwaka huo. Wanaozidharau filamu hizi kuwa ni michezo ya watoto wakumbuke kuwa Hotta alikuja kuipata Tuzo ya Lotus ya Chama cha Waandishi wa Afrika na Asia, tuzo ileile aliyopewa Ngũgĩ wa Thiong'o mwaka wa 1973. Hadithi yenyewe ni hii: meli inazama karibu na Kisiwa cha Infant, mahali ambapo nchi ya kubuni iitwayo Rolisica imekuwa ikijaribia mabomu yake ya nyuklia kwa kudhani hapana watu. Mabaharia wanaokolewa, nao hawana hata dalili ya ugonjwa wa miale. Wanasema wenyeji waliwanywesha maji mekundu. Msafara unatumwa, mfanyabiashara wa Rolisica, Nelson, anawaona wanawake wawili mapacha, kila mmoja wao mdogo kuliko mwanasesere, anarudi na watu wenye bunduki, anawaua wenyeji waliojaribu kumzuia, na kuwateka mapacha hao ili awaimbishe jukwaani mjini Tokyo kwa viingilio. Wimbo wao ni ombi. Yai kisiwani linapasuka, kiwavi anavuka bahari, anajifunga ndani ya kifuko cha hariri kwenye Mnara wa Tokyo, anatoka akiwa nondo mkubwa mno, na hatulii mpaka aliowafuata warudishwe.

Mothra, kwa hiyo, si zimwi la uharibifu. Ni zimwi la dai. Analofanyia miji si hasira bali ni njia ya kupita. Yumo katika kutafuta kilichoibwa. Sijui filamu nyingine ya miaka ile, ya Mashariki au ya Magharibi, iliyoweka jambo la ukoloni mbele ya watoto kwa uwazi wa namna hiyo: walilipua kisiwa, wakasema hakina mtu, wakakuta watu, wakawauza. Mhusika ninayempenda zaidi ni Chujo Shin'ichi, mtaalamu wa lugha, aliyeigizwa na Koizumi Hiroshi. Yeye ndiye anayejitahidi kusoma maandishi ya kisiwa na kuelewa mapacha wanasema nini. Kwa upande wake wimbo wao ulitungwa kwa Kijapani kisha maneno yake yakageuzwa kuwa ya Kiindonesia, ili yasikike ya kigeni. Yaani lugha ya watu ambao Japani ilikuwa imewatawala kijeshi toka 1942 hadi 1945 imetwaliwa na kufanywa lugha ya kisiwa kisichokuwapo. Kinaya hicho filamu haikioni.

Kingine isichokiona kilionekana upesi semina ilipokuwa ikiitazama. Mwanafunzi mmoja wa uzamili aliuliza, kabla hata ya Nelson kufyatua risasi, watu hawa walitolewa wapi. Jibu ni kwamba walitolewa Tokyo. Wenyeji wa Infant ni Wajapani waliopakwa rangi nyeusi mwili mzima, wakavishwa majani, wakacheza ngoma ya kuzua. Toho walifanya vivyo hivyo mwaka wa 1962 katika King Kong dhidi ya Godzilla, kwa Kisiwa cha Faro, na humo wenyeji ni kichekesho kabisa. Hubadilishwa mawazo kwa sigara na redio. Darasa lilinyamaza, nami sikuwa na haraka ya kulisemesha. Ni sura ambazo sisi huku hatuhitaji kutafsiriwa.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, na makala mengi ya aina hii huishia hapo: kuonyesha rangi, kuitaja itikadi, kufunga. Ugumu wangu ulikuja kwa filamu iliyofuata. Katika Mothra dhidi ya Godzilla, ya mwaka 1964, mwandishi wa habari, mpiga picha na profesa wanakwenda Infant kuomba msaada: Godzilla ameshuka Japani, na Mothra pekee ndiye anayemweza. Kisiwa kimekuwa ardhi ya mifupa. Wenyeji wamo, wamepakwa rangi tena. Lakini safari hii wana mzee wao, na mzee huyo anakataa. Anawaambia wageni kuwa moto wa shetani ulioteketeza kisiwa uliwashwa na watu wa huko watokako, na kwamba hana sababu ya kuwahurumia. Hapana muziki wa kuchekesha wala bunduki. Wajapani watatu wanasimama wakiambiwa, na hawana jibu zaidi ya kuomba. Hatimaye Mothra anakubali kwenda, na anafia huko.

Hebu tuzingatie kilichotokea hapo kwa upande wa fani. Mhusika aliyesawiriwa kwa dharau, bapa kama kinyago, mwigizaji asiye na haki ya ngozi aliyovikwa, ndiye aliyepewa maneno mazito kuliko yote katika filamu. Yeye ni mama wa nunda: anajua nani ni zimwi hasa. Kwa kauli yake zimwi si Godzilla.

Ukweli wa kihistoria uliomlazimu mtunzi kuandika maneno hayo haukuwa wa kubuni. Bikini ilikuwa na watu. Mnamo Machi 1946 wenyeji wake 167 waliondolewa ili Marekani ianze majaribio, na toka mwaka huo hadi 1958 mabomu 67 yalilipuliwa katika visiwa vya Marshall. Majivu ya Machi 1, 1954 hayakuwachagua wavuvi wa Kijapani peke yao. Yaliwaangukia pia watu wa Rongelap, ambao waliondolewa baada ya kuchelewa, wakarudishwa 1957, wakahama tena 1985 kwa kuhofia ardhi yao wenyewe. Na kabla ya Wamarekani, mtawala wa visiwa hivyo alikuwa Japani, iliyovitwaa mwaka wa 1914 na kukabidhiwa rasmi na Ushirika wa Mataifa mwaka wa 1920. Mzee wa Infant angekuwa na maneno ya kuwaambia wageni wake hata kama bomu lisingalilipuka. Hakuyasema. Lakini alikuwapo, na aliyekuwapo huweza kuulizwa.

Sasa tuangalie marejeo. Mwaka wa 1991, katika Godzilla dhidi ya King Ghidorah, mwongozaji Omori Kazuki aliipa asili ya Godzilla historia mpya. Tunapelekwa mwaka wa 1944, katika kisiwa cha visiwa vya Marshall kinachoitwa, ajabu ya majina, Lagos. Kikosi cha Wajapani kimezingirwa na Wamarekani. Mnyama wa kale anatokea msituni, anawapiga Wamarekani, anajeruhiwa, na Wajapani wanampigia saluti kabla ya kuondoka. Mnyama huyo ndiye atakayegeuzwa Godzilla na bomu la miaka ya baadaye. Ni sehemu yenye uchungu wa kweli, hasa pale kamanda wa kikosi, akiwa sasa tajiri mkubwa, anapotazamana ana kwa ana na Godzilla kupitia dirisha la jumba lake kabla ya kuuawa naye. Nimeitazama mara tatu. Visiwa vya Marshall vimetajwa kwa jina lake halisi, jambo ambalo Mothra haikuthubutu, na ndani yake mna Wajapani, mna Wamarekani, mna mnyama. Mmarshall hayumo hata kwa mbali.

Mwaka uliofuata, 1992, Mothra mwenyewe alirudi. Kisiwa cha Infant kipo, nacho kimeharibiwa, safari hii na kampuni ya Kijapani inayokata msitu. Ni tuhuma nzuri, na ya haki. Lakini wageni wanapofika hawakuti mtu. Kuna pango, michoro, yai na mapacha wawili, ambao sasa ni mabaki ya ustaarabu ulioangamia miaka 12,000 iliyopita. Waathiriwa wa mwaka 1946 wamesogezwa nyuma hadi wakati usio na mashahidi wala madai. Mwaka wa 2001 Kaneko Shusuke, mwongozaji mwenye kipaji kikubwa, alitaka kutumia mazimwi yasiyojulikana sana. Toho wakamtaka aweke yenye mvuto kwa watazamaji, na ndivyo Mothra alivyoingia. Ndani ya filamu hiyo Mothra ni mlinzi wa kale wa Japani yenyewe, analala katika Ziwa Ikeda, Kagoshima. Amepewa uraia. Mapacha wamepungua hadi kuwa wasichana wawili wanaotazama juu kwa nukta chache nondo anapopita.

Kinachofanya filamu hiyo ya 2001 iwe ngumu kuhukumu ni kwamba imewarejesha wafu wengine. Godzilla wa Kaneko, mwenye macho meupe yasiyo na mboni, anaendeshwa na roho za waliokufa katika vita vya Pasifiki, na mzee anayelieleza jambo hilo (mzee tena) anasema roho hizo zimekasirika kwa kusahauliwa. Hapana filamu ya mfululizo huu iliyolitazama deni la kumbukumbu kwa ujasiri zaidi. Na ni filamu hiyohiyo iliyomchukua Mothra kutoka kwa wenyewe. Sidhani ni hila. Nadhani ni kwamba kukumbuka nako kuna mipaka ya nyumba.

Wanafunzi wangu wawili walinipinga hapa, na hoja yao si ya kupuuzwa. Walisema kuondolewa kwa watu waliopakwa rangi ni maendeleo. Kwamba hakuna mtengenezaji filamu wa 1992 ambaye angeweza kuwarudisha bila kutukana, na kwamba kunung'unikia kutokuwapo kwao ni kuutamani ule upakaji. Nakubaliana nao kwa nusu. Sura ile ilistahili kuondoka. Lakini palikuwapo njia ya tatu iliyokuwa wazi muda wote huo: kuwaalika waigizaji wa visiwa vyenyewe na kuyaacha maneno ya mzee yasemwe na mtu ambaye yanamhusu. Badala yake kilichofutwa ni vyote viwili, rangi na maneno, na aibu ya ile rangi ndiyo iliyogeuka kisingizio cha kuyafuta maneno. Katika filamu ya 2003, Mothra, Godzilla na zimwi la chuma huko Tokyo, Koizumi Hiroshi alirudi kuigiza Chujo, miaka 42 baada ya mara ya kwanza. Amekuwa babu. Mapacha wanamjia nyumbani kwake usiku kumwambia kuwa mifupa ya Godzilla wa 1954, ambayo jeshi limeifanya uti wa silaha yake, irudishwe baharini. Ni wazo linalogusa moyo: kwamba mifupa ya zimwi nayo ina haki ya kuzikwa. Nilingoja babu yule, msomi wa lugha ya kisiwa, aulize habari za watu wa Infant. Haulizi.

Godzilla Minus One ya Yamazaki Takashi, ya mwaka 2023, ilishinda tuzo ya Oscar ya mbinu za picha mwezi Machi 2024, na ilistahili. Kwa huzuni na kwa ufundi ni miongoni mwa bora kabisa za mfululizo wote, na inarudi kwenye chimbuko: Kisiwa cha Odo, mwaka wa 1945. Humo sasa ni kituo cha kijeshi cha mafundi wa ndege. Mzee hayupo, wala vijana wa kumcheka, wala ngoma. Fundi mkuu anadokeza tu kwamba hilo ndilo zimwi ambalo wakazi wa kisiwa huliita Godzilla, na usiku unaendelea. Kisha, kwa nukta kadhaa, tunaonyeshwa majaribio ya Bikini ya Julai 1946 na Godzilla akiungua chini ya maji. Kamera haikosei: siku ile kisiwa kilikuwa kitupu kweli. Watu wake 167 walikuwa Rongerik, ambako chakula hakikuwatosha, na mwaka wa 1948 wakahamishwa tena.